Kupima homoni za msongo kwenye damu: jinsi ya kuutafuta uvimbe wa feokromositoma na kupata majibu ya kuaminika

Wapo watu wanaotibiwa shinikizo la damu kwa miaka mingi ilhali chanzo chake ni uvimbe mdogo uliokaa juu ya figo, unaomwaga homoni za msongo kwenye damu pasipo mwili kuzihitaji. Uvimbe huo huitwa feokromositoma unapoota ndani ya tezi ya adrenali, na paraganglioma unapoota nje ya tezi hiyo, kwenye vifundo vya neva vilivyo tumboni, kifuani, shingoni au jirani na kibofu cha mkojo. Ni ugonjwa wa nadra: katika kila wagonjwa 1,000 wa shinikizo la damu wanaohudhuria kliniki, wenye uvimbe huu hukadiriwa kuwa kati ya 2 na 6. Hata hivyo kumkosa mmoja wao ni jambo zito, kwa sababu uvimbe usiojulikana unaweza kumuua mtu akiwa kwenye meza ya upasuaji au chumba cha kujifungulia, ilhali ukigunduliwa mapema mara nyingi huondolewa na mgonjwa akapona.

Kipimo cha damu cha kuutafuta kipo, na ni miongoni mwa vipimo vyenye nguvu zaidi katika tiba ya homoni. Udhaifu wake ni kwamba homoni anazozitafuta mpimaji ndizo zilezile ambazo mwili wa mtu mwenye afya huzimwaga anapopanda ngazi, anapoogopa sindano au anapohisi baridi. Kwa hiyo majibu huharibika au husalimika kabla damu haijafika maabara, na hofu nyingi zisizo na msingi, pamoja na picha za CT (picha za mionzi za kompyuta) zisizohitajika, hutokana na maandalizi duni. Maelezo haya yanamlenga mgonjwa aliyeandikiwa kipimo hiki, ndugu anayemsindikiza, na mhudumu wa afya ambaye huenda anakiandika kwa mara ya kwanza. Uamuzi wa kuacha dawa au kuanza tiba unabaki kuwa wa daktari anayemfahamu mgonjwa.

Nani apimwe

Si kila mwenye presha anahitaji kipimo hiki. Anayekihitaji kwanza ni yule anayepata mashambulio: kichwa kinagonga kwa nguvu, jasho linamtoka hadi nguo zinalowa, moyo unakwenda mbio, uso unapauka, kisha baada ya dakika kadhaa au saa moja hivi kila kitu kinatulia chenyewe. Kwa kuwa shambulio huja na kuondoka, mgonjwa hufika kliniki akiwa ametulia, akaambiwa kuwa ana wasiwasi tu, na nyumbani wengine wakaanza kunong'ona habari za majini. Inafaa sana ndugu aliyeshuhudia shambulio aeleze alichokiona, na kama kuna mashine ya presha nyumbani, apime wakati huohuo na kuandika namba, saa, na jambo lililotangulia. Kuinama, kubeba mzigo au kubonyezwa tumbo kunaweza kuanzisha shambulio. Kwa wachache wenye uvimbe kwenye kibofu, shambulio huja kila wanapokojoa. Zipo pia dawa zinazolianzisha, na iliyo maarufu kati yake ni metoklopramidi, ambayo hutolewa kila siku hospitalini kwa ajili ya kuzuia kutapika.

Wengine wanaostahili kupimwa ni mgonjwa ambaye presha yake haishuki hata kwa dawa tatu zinazomezwa ipasavyo, kijana mwenye presha ya juu isiyo na sababu inayoeleweka, mtu ambaye presha yake iliruka ghafla alipopewa nusu kaputi, na yeyote ambaye picha ya tumbo iliyopigwa kwa sababu nyingine imeonyesha uvimbe kwenye tezi ya adrenali. Mama mjamzito mwenye mashambulio ya namna hii, hasa presha inapopanda kabla ya wiki ya 20, asihesabiwe moja kwa moja kuwa ana dalili za kifafa cha mimba. Kundi la mwisho ni ndugu wa damu wa mgonjwa aliyekwisha kugundulika, hao nitawarudia.

Omba metanefrini, si adrenalini

Hapa ndipo kosa la kwanza hufanyika, nalo hufanyika kwenye fomu ya maabara. Mtu akisikia kwamba uvimbe humwaga adrenalini, huona ni jambo la kawaida kuandika kipimo cha adrenalini na noradrenalini. Lakini uvimbe humwaga homoni hizo kwa vipindi. Damu ikichukuliwa wakati umetulia, majibu yanaweza kuwa ya kawaida kabisa na mgonjwa akarudishwa nyumbani na ugonjwa wake.

Ndani ya seli za uvimbe, homoni huhifadhiwa kwenye vifuko vidogo sana, na vifuko hivyo huvuja kidogo kidogo usiku na mchana. Kinachovuja hubadilishwa palepale ndani ya seli na kimeng'enya kiitwacho COMT, ambacho Julius Axelrod wa Marekani alikieleza mwishoni mwa miaka ya 1950 katika mfululizo wa kazi uliompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1970 pamoja na wenzake wawili. Adrenalini hugeuzwa kuwa metanefrini, na noradrenalini hugeuzwa kuwa normetanefrini. Mabaki haya hutoka kwenye uvimbe mfululizo, iwe mgonjwa ana shambulio au hana. Ndiyo sababu maabara huyapima hayo badala ya kuwinda homoni yenyewe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002 na Jacques Lenders, Graeme Eisenhofer na wenzao, kipimo cha metanefrini huru za kwenye plazma, yaani sehemu ya majimaji ya damu, kiliwanasa wagonjwa 99 katika kila 100, ilhali kipimo cha adrenalini na noradrenalini za kwenye damu kiliwanasa 84. Wagonjwa 15 wa tofauti hiyo ni watu ambao wangeambiwa kuwa hawana kitu.

Kwa hiyo fomu isomeke "metanefrini huru za plazma", na maabara ikiweza iongeze methoksitiramini, ambayo ni mabaki ya dopamini, homoni nyingine ya kundi hilo, na husaidia kuwatambua wachache ambao uvimbe wao hutoa dopamini peke yake. Mwongozo wa Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni chenye makao Marekani, wa mwaka 2014 unakubali kuanza ama na kipimo hiki cha damu ama na metanefrini za kwenye mkojo wa saa 24. Maabara nyingi katika miji yetu hazifanyi kipimo hiki zenyewe bali husafirisha sampuli kwenda maabara kubwa zaidi, wakati mwingine nje ya nchi. Uliza mapema gharama yake, siku za kusubiri, iwapo bima inalipa, na siku gani ya wiki sampuli husafirishwa, ili damu isichukuliwe Ijumaa jioni halafu ikakaa hadi Jumatatu.

Dawa, miraa, kahawa na siku ya kuamkia kipimo

Andika orodha ya kila kitu unachomeza, unachopaka, unachovuta au unachotafuna, ukianzia na dawa za hospitali hadi za duka la dawa na za mganga, kisha umkabidhi daktari angalau wiki mbili au tatu kabla ya siku ya kipimo. Muda huo unahitajika kwa sababu baadhi ya dawa haziachwi kwa siku moja.

Dawa inayovuruga kipimo hiki kuliko zote katika kazi ya kila siku ni amitriptilini. Wengi huimeza usiku kwa ajili ya kipandauso, ganzi za miguu za kisukari au usingizi, wala hawaihesabu kuwa dawa ya maana. Nayo hupandisha normetanefrini kwa kuzuia neva zisirudishe ndani noradrenalini zilizoimwaga. Dawa za sonona za kundi la venlafaksini hufanya vivyo hivyo. Kwa kawaida daktari huzipunguza taratibu, kisha husubiri wiki mbili hivi tangu kidonge cha mwisho. Asiyeweza kuziacha kwa usalama, kwa mfano mwenye sonona kali, apimwe akiwa anazimeza, na majibu yasomwe kwa kuzingatia hilo. Kulazimisha kuziacha kunaweza kuleta madhara makubwa kuliko kipimo chenyewe. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini, matone ya kuzibua pua, dawa za kupunguza unene, na levodopa inayotumiwa na wenye ugonjwa wa Parkinson nazo huhesabiwa.

Kuna kundi jingine la dawa ambazo hazibadilishi homoni mwilini bali huidanganya mashine ya maabara. Parasetamoli ni mojawapo, na vilevile methildopa, ambayo wajawazito wengi wenye presha huijua kwa jina la Aldomet, labetaloli, na salfasalazini. Mashine za kisasa za kupima uzito wa molekuli zimepunguza sana tatizo hili, lakini mashine za zamani bado zipo, na mgonjwa hana njia ya kujua damu yake itapita kwenye mashine ipi. Ni busara kuacha parasetamoli siku tano hivi kabla, kama hakuna homa wala maumivu yanayoilazimu.

Dawa za presha zisiachwe kiholela. Amlodipini, losartani na enalapili kwa kawaida hazihitaji kusimamishwa, na doksazosini au prazosini zinaweza kuendelea. Klonidini ni ya kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ikikatishwa ghafla presha huruka juu na homoni hizi hupanda zenyewe. Kwa upande wa atenololi na propranololi, onyo langu linahusu usalama kuliko kipimo: mtu anayeshukiwa kuwa na feokromositoma asianzishiwe dawa hizo kabla ya kupewa dawa ya kuzuia alfa, yaani ya kulegeza mishipa kama doksazosini au prazosini, kwa kuwa zikitangulia zinaweza kuifanya mishipa ibane zaidi na presha ikapanda kwa kiwango cha hatari.

Kwa saa 24 kabla ya kipimo acha kahawa, chai ya rangi au ya maziwa, soda za kola, vinywaji vya kuongeza nguvu, pombe, sigara na ugoro. Miraa, ambayo wengine huiita mirungi au gomba, iachwe siku kadhaa kabla, kwani ndani yake kuna kathinoni, kemikali inayofanya kazi kwa namna inayofanana na amfetamini na kuzichochea neva zimwage noradrenalini. Nasisitiza hili kwa wenzangu wa afya: muulize mgonjwa swali la miraa kwa upole na bila kumhukumu, la sivyo hatasema, na majibu yatakayokuja yatakuwa ya miraa. Usifanye kazi nzito wala mazoezi makali siku hiyo. Usile kuanzia usiku hadi damu ichukuliwe, maji yanaruhusiwa. Kufunga huku kuna umuhimu zaidi pale methoksitiramini inapopimwa, kwa sababu ndizi mbivu, nanasi na vyakula vingine vya aina hiyo vina dopamini ya asili inayoweza kuipandisha. Mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini azungumze na daktari kwanza, maana sukari ikishuka sana mwili humwaga adrenalini nyingi.

Ukiamka na homa ya malaria, mafua makali au maumivu makubwa, ahirisha. Mtu aliyelazwa chumba cha wagonjwa mahututi karibu kila mara atakuwa na majibu yaliyopanda, na kumpima hapo huleta maswali mengi kuliko majibu.

Nusu saa ya kulala

Sehemu hii ndiyo inayorukwa mara nyingi zaidi, nami naiona kuwa ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote. Mtu anapoketi au kusimama, damu hushuka miguuni, na mwili huongeza noradrenalini ili kubana mishipa na kulinda presha. Normetanefrini hufuata. Viwango vya kawaida vinavyoandikwa kando ya majibu ya maabara nzuri vimetokana na watu waliokuwa wamelala chali. Ukichukua damu ya mtu aliyeketi kwenye foleni na kuilinganisha na viwango hivyo, unatengeneza ugonjwa usiokuwapo.

Utaratibu unaofaa ni huu. Mgonjwa aende chooni kwanza, kwa sababu kibofu kilichojaa nacho humsumbua mtu na kumpandishia homoni. Alale chali kwenye kitanda chenye mto mmoja, ndani ya chumba kisicho na kelele. Mtaalamu wa maabara afunge mpira mkononi, aweke branula kwenye mshipa, aifunge kwa plasta, kisha aondoe mpira na kumwacha. Maumivu ya sindano yakishapita hapo mwanzo, damu itakayochukuliwa baadaye kupitia branula haitakuwa na alama ya mchomo huo. Saa ihesabiwe tangu alipolala: dakika 20 ndicho kiwango cha chini, na 30 ndizo bora. Asizungumze na simu, asisome ujumbe, asiketi kumsalimia anayepita. Baada ya muda huo mhudumu aingie polepole, atoe kwanza damu kidogo iliyotuama kwenye branula na kuitupa, ndipo achukue ya kipimo, mgonjwa akiwa bado amelala.

Jambo moja dogo la vyumba vyetu vya mjini ni kiyoyozi. Baridi huamsha neva zilezile zinazotoa noradrenalini, na nimeona vyumba vya kuchukulia damu ambamo wahudumu wenyewe wamevaa masweta. Kipunguze hadi joto la nyuzi 20 hadi 25 hivi, au mfunike mgonjwa kwa shuka au blanketi kabla saa haijaanza kuhesabiwa.

Maabara ikikwambia kwamba haina kitanda, hali hiyo si mwisho wa safari. Damu iliyochukuliwa mgonjwa akiwa ameketi, ikirudi na majibu ya kawaida, inaaminika, kwa sababu kuketi hupandisha majibu wala hakuyashushi. Ikirudi imepanda, isihesabiwe kuwa ni ugonjwa. Kinachofuata ni kurudia kipimo mgonjwa akiwa amelala, na si kwenda kupiga picha. Mhudumu aandike kwenye fomu mkao wa mgonjwa, dakika alizopumzika na dawa anazomeza. Fomu isiyo na maelezo hayo humnyima daktari nusu ya anachohitaji.

Damu huchukuliwa kwenye chupa ya EDTA yenye kifuniko cha zambarau, na kuwekwa mara moja kwenye barafu. Inatakiwa izungushwe kwenye mashine yenye baridi mapema, plazma itenganishwe, igandishwe na kusafirishwa ikiwa imeganda. Mgonjwa anaweza kuuliza kwa adabu kama barafu ipo kabla hajalala kitandani. Ni afadhali kuahirisha siku moja kuliko kulipia sampuli iliyokaa juani.

Mkojo wa saa 24

Mahali ambapo barafu na usafiri wa haraka ni mashaka, mkojo wa saa 24 ni njia nzuri, na usihesabiwe kuwa kipimo cha daraja la pili. Asubuhi ya kuanza, kojoa na kuumwaga mkojo wa kwanza, kisha andika saa. Kuanzia hapo kila mkojo, mchana na usiku, uingie kwenye chombo ulichopewa, ukiwemo wa kwanza wa asubuhi inayofuata. Chombo hicho mara nyingi huwa na tindikali kidogo ndani, hivyo kojoa kwenye kikombe safi kwanza, umimine taratibu, na ukiweke mbali na watoto. Ukisahau mara moja, sema. Maabara hupima pia kreatinini, taka ya misuli inayotolewa na figo, ili kujua kama mkusanyo umetimia, na mkusanyo uliopungua unaweza kuuficha ugonjwa. Mgonjwa wa figo zilizoshindwa hafai kwa njia hii, na hata kwenye damu majibu yake hupanda kwa sababu ya figo, hivyo asomewe na mtaalamu.

Kusoma majibu

Tazama kwanza vipimo vimeandikwa kwa nanomoli kwa lita au kwa pikogramu kwa mililita. Maabara nyingi huweka ukomo wa juu wa metanefrini karibu na nanomoli 0.5 kwa lita na wa normetanefrini karibu na 0.9 kwa mtu aliyelala. Ukiwa na pikogramu kwa mililita, gawanya metanefrini kwa 197 na normetanefrini kwa 183 ili upate nanomoli. Ukomo wa maabara iliyopima damu yako ndio wa kufuatwa. Normetanefrini hupanda pia kwa umri, kwa hiyo namba inayotia shaka kwa kijana wa miaka 20 inaweza kuwa ya kawaida kwa mzee wa miaka 70, na watoto wana viwango vyao.

Majibu yakiwa ya kawaida yote, na damu ilichukuliwa vizuri, feokromositoma inayotoa homoni huondolewa kwenye orodha ya washukiwa karibu kabisa. Yanayobaki ni mambo machache: paraganglioma za shingoni na kichwani mara nyingi hazitoi homoni, na uvimbe mdogo sana kwa mtu mwenye ugonjwa wa kurithi unaweza kuwa bado haujaanza kuonekana kwenye damu.

Majibu yakizidi ukomo wa juu kwa mara tatu au nne, hasa yakiwa yamepanda yote mawili, uwezekano wa kuwapo uvimbe ni mkubwa sana na hatua ya kutafuta mahali ulipo isicheleweshwe. Mwelekeo wa namba nao husema kitu. Kugeuza noradrenalini kuwa adrenalini kunahitaji homoni ya kortisoli kwa wingi, ambayo hupatikana ndani ya tezi ya adrenali. Kwa hiyo metanefrini iliyopanda huelekeza kidole kwenye tezi yenyewe, na normetanefrini iliyopanda peke yake inaweza kutoka kwenye tezi au nje yake.

Eneo gumu ni lile la katikati, yaani majibu yaliyopita ukomo kidogo tu. Wengi wa watu hawa hawana uvimbe. Wana amitriptilini, walikuwa wameketi, wanakoroma na kukatikiwa pumzi usingizini, au walikuwa na hofu. Rudi kwenye orodha ya dawa, panga upya maandalizi, rudia kipimo mgonjwa akiwa amelala. Normetanefrini ikibaki juu kidogo, hospitali yenye uzoefu inaweza kufanya kipimo cha klonidini: damu huchukuliwa, mgonjwa humeza mikrogramu 300, kisha damu huchukuliwa tena baada ya saa tatu akiwa bado amelala na presha yake ikiangaliwa. Klonidini huzituliza neva, hivyo normetanefrini iliyotokana na neva hushuka. Isiposhuka kwa angalau asilimia 40 na ikabaki juu ya ukomo, chanzo chake kinaelekea kuwa uvimbe usiosikia amri ya neva. Kwa sababu presha inaweza kushuka mno, kipimo hiki hakifanywi kwenye zahanati.

Picha hufuata baada ya damu, si kabla yake. Watu wengi, hasa wazee, wana vinundu vya adrenali visivyo na madhara yoyote, na anayeanza na CT hujikuta na kinundu asichojua maana yake. Damu ikishathibitisha, CT ya tumbo na nyonga huwa ndiyo ya kwanza, na kwa mjamzito au mtoto MRI, picha ya sumaku isiyotumia mionzi, hupendelewa. Asikubali mtu yeyote kuuchoma sindano au kuukata kipande cha kupima uvimbe wa adrenali kabla metanefrini hazijapimwa, kwa sababu kuugusa tu kunaweza kumwaga homoni nyingi kwa mkupuo. Upasuaji nao hutanguliwa na siku 7 hadi 14 za dawa ya kuzuia alfa, pamoja na chumvi na maji ya kutosha.

Kortisoli ina utaratibu wake

Kortisoli nayo huitwa homoni ya msongo, na uvimbe wa adrenali au wa tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo unaweza kuitoa kupita kiasi na kuleta ugonjwa wa Cushing. Kosa la kawaida ni kupima kortisoli ya asubuhi mara moja na kutoa hukumu; homoni hii hupanda alfajiri na kushuka usiku kwa kila mtu, hivyo namba ya asubuhi haitenganishi mgonjwa na mzima. Njia rahisi ni kumeza miligramu 1 ya deksamethasoni saa 5 au saa 6 usiku na kuchukua damu saa 2 au saa 3 asubuhi inayofuata. Kortisoli ikishuka chini ya nanomoli 50 kwa lita, ugonjwa huo haupo kwa uwezekano mkubwa. Anayemeza rifampisini ya kifua kikuu, au dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini, huivunja deksamethasoni haraka na kupata majibu ya uongo. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni navyo huinua namba. Kabla ya yote uliza kuhusu krimu za kujichubua na mkorogo, kwani nyingi huwa na klobetasoli, steroidi kali inayopenya ngozini na kumpa mtu uso wa mviringo na michirizi ya Cushing hali tezi zake zimelala. Mtu huyo asiache ghafla krimu aliyoitumia kwa miaka bila daktari, kwa sababu mwili wake unaweza kukosa kortisoli.

Ndugu wa mgonjwa, na miaka inayofuata

Mwaka 1886 daktari Felix Fränkel wa Freiburg, Ujerumani, alieleza habari za Minna Roll, msichana wa miaka 18 aliyekuwa na mashambulio ya moyo kwenda mbio, kichwa kuuma na kupauka, na ambaye baada ya kufa alikutwa na uvimbe kwenye tezi zote mbili za adrenali. Mwaka 2007, zaidi ya karne moja baadaye, watafiti waliwapata watu wa ukoo wake wakiwa na hitilafu ya kurithi kwenye jeni ya RET, ambayo huleta feokromositoma pamoja na saratani ya tezi ya shingo. Leo inajulikana kwamba kati ya asilimia 30 na 40 ya wenye uvimbe huu wameurithi, kupitia RET, VHL, NF1 au jeni za kundi la SDH. Kwa hiyo kila aliyegundulika ashauriwe kuhusu kipimo cha jeni, na kama hakipatikani, wazazi, ndugu na watoto wake waulizwe dalili, wapimwe presha, na wapimwe metanefrini hata wakijisikia wazima.

Aliyeondolewa uvimbe hurudia kipimo wiki mbili hadi sita baada ya upasuaji, kisha kila mwaka kwa miaka mingi, na mwenye hitilafu ya kurithi kwa maisha yake yote. Atumie maabara ileile ikiwezekana, alale muda uleule kila anapochukuliwa damu, na atunze karatasi za majibu yote kwenye faili moja, ili namba ya mwaka huu ilinganishwe na ya mwaka jana.